Kiraka cha Uthabiti Nacho ni Kiraka cha Usalama

Hakuna mfumo wa uendeshaji wa kompyuta uliopata kutolewa kwa umma ukiwa mkamilifu. Wanaoutunga ni binadamu, na maandishi yake huwa mistari elfu nyingi, pengine mamilioni. Kwa hiyo siku mfumo unapotoka, hutoka na kasoro ambazo hata watungaji wenyewe hawajazijua. Kasoro hizo hugunduliwa baadaye, moja baada ya nyingine, na kwa kila moja hutolewa rekebisho dogo ambalo wataalamu wamezoea kuliita kiraka.

Makala haya yanahusu viraka hivyo, na hasa yanahusu mazoea mabaya yaliyoenea katika shule, vyuo na ofisi zetu. Viraka hutolewa katika mafungu mawili: vya usalama na vya uthabiti. Vya usalama huogopwa, na mara nyingine hutiwa. Vya uthabiti huachwa mpaka hapo itakapopatikana nafasi, na nafasi hiyo aghalabu haipatikani. Hoja yangu ni kwamba mgawanyo huo, ingawa unawafaa watungaji wa mfumo katika kazi yao, haumfai mtumiaji kuwa kipimo cha kuamua kiraka kipi akitie na kipi akiache. Ushahidi wa miaka ishirini hivi iliyopita waonyesha kwamba mpaka kati ya mafungu hayo hauko katika kasoro yenyewe. Uko katika ujuzi wetu juu ya kasoro, na ujuzi huo hubadilika.

Kiraka ni kitu gani

Jina hili halikutokana na mfano wa maneno tu. Mashine za awali za kuhesabu, kama ile ya Harvard Mark I iliyoanza kazi nchini Marekani mwaka 1944, zilisoma maagizo kutoka katika utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Tundu likiwa limetobolewa mahali pasipostahili, fundi hakuutupa utepe mzima. Aliliziba tundu hilo kwa kipande cha karatasi. Hicho kilikuwa kiraka kwa maana ile ile ya kiraka cha nguo.

Siku hizi kiraka ni maandishi. Katika programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake asilia umewekwa wazi ili kila mtu ausome, auchunguze na aurekebishe, kiraka huwa ni faili fupi inayoonyesha mistari ya kuondolewa, ikitanguliwa na alama ya kutoa, na mistari ya kutiwa mahali pake, ikitanguliwa na alama ya kujumlisha. Mwaka 1985 Mmarekani Larry Wall alitunga programu iitwayo patch, ambayo husoma faili ya namna hiyo na kuurekebisha msimbo wenyewe pasipo mtu kuandika upya mstari hata mmoja. Tangu hapo watu walio mbali wao kwa wao wameweza kutengeneza programu moja kwa kupelekeana marekebisho tu.

Kiraka cha usalama huziba njia ambayo mtu mwenye nia mbaya angeweza kuipita ili asome, abadilishe au atawale kile asichoruhusiwa. Kiraka cha uthabiti huondoa kasoro inayoifanya mashine isimame ghafla, ipoteze data, au itoe majibu yasiyo sahihi, hata kama hapana adui. Kwa maelezo hayo mafupi, tofauti yaonekana kuwa bayana kabisa: upande mmoja mwizi, upande wa pili ajali. Na tutazame sasa jinsi tofauti hiyo inavyostahimili majaribio.

Kisa cha mwaka 2007

Mfano wangu wa kwanza ni mfumo huria uitwao OpenBSD. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1995 na Theo de Raadt, mkazi wa Calgary nchini Kanada, baada ya kujitenga na mradi wa NetBSD. Wahandisi wake wanajulikana kwa desturi ya kuusoma upya msimbo wao mstari kwa mstari, wakitafuta kasoro kabla hazijaleta madhara. Hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita hivi, na kwa kila toleo huwa na orodha ya masahihisho iliyo wazi kwa watu wote. Kila sahihisho hupewa namba kuanzia 001, tarehe, maelezo mafupi, na lebo, ambayo aghalabu ni ya usalama au ya uthabiti. Mradi huo huo ndio uliozaa, mwaka 1999, programu ya OpenSSH, ambayo leo hutumika duniani kote kuendeshea seva kutoka mbali.

Mnamo Februari 2007 kampuni ya Core Security, iliyoanzishwa Buenos Aires nchini Argentina na ambayo kazi yake ni kuchunguza usalama wa kompyuta, iliwaarifu wahandisi wa OpenBSD kwamba imeona kasoro katika kiini cha mfumo wao. Mgunduzi alikuwa Alfredo Ortega. Kasoro yenyewe yaweza kuelezwa kwa urahisi. Pakiti ya data ifikapo kutoka mtandaoni, kiini huihifadhi katika vyombo vidogo vya kumbukumbu ambavyo kila kimoja kina ukubwa maalumu. Palikuwa na sehemu ya msimbo iliyonakili pakiti fulani za itifaki ya IPv6 kutoka chombo kimoja kwenda kingine bila ya kupima sawasawa nafasi iliyokuwapo. Ikawa kama mtu amiminaye pishi nzima ya mchele ndani ya kibaba: ziada ikamwagikia kumbukumbu ya jirani, na kuharibu vilivyokuwamo.

Matokeo ya kwanza yaliyoonekana ni kwamba mashine iliyopelekewa pakiti za namna hiyo husimama. Wahandisi wa OpenBSD walitunga rekebisho upesi, nalo likawa tayari kabla ya mwisho wa mwezi huo. Lakini walilipa lebo ya uthabiti. Sababu yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema kwamba kuisimamisha mashine ni jambo moja, na kuitawala ni jambo lingine. Kuyaita yote mawili kwa jina moja ni kuwachanganya watu.

Core Security hawakuridhika. Waliendelea kuichunguza kasoro ile ile, na katika siku za mwanzo za Machi wakatunga programu ya majaribio iliyothibitisha kwamba data inayomwagika yaweza kupangwa kwa makusudi, hata ikawa ni maagizo ambayo kiini cha mfumo kitayatii. Kwa maneno mengine, aliye mbali aliweza kuitawala mashine yote. Wahandisi wa OpenBSD waliubadilisha uamuzi wao mbele ya hadhara: lebo ya uthabiti ikafutwa, ikaandikwa ya usalama. Taarifa kamili ya Core Security ilichapishwa tarehe 13 Machi 2007. Hata wito wa mradi ulibidi kuandikwa upya. Hadi siku hizo OpenBSD ilijivunia kwamba katika zaidi ya miaka 10 limeonekana tundu moja tu la kuingilia kutoka mbali katika mfumo wake kama unavyotolewa. Tangu hapo ikaandika matundu mawili.

Haki yataka nieleze pia kwamba hatari hiyo ilikuwa na mipaka. Mshambulizi alipaswa ama awe katika mtandao mmoja na mashine anayoilenga, ama aweze kuifikia kwa IPv6, itifaki ambayo wakati huo ilitumika mahali pachache. Aidha, kizuizi cha pakiti kilichomo katika mfumo huo huo kiliweza kutumika kama kinga ya muda. Lakini hayo hayapunguzi fundisho la kisa chenyewe. Kasoro ya Februari na kasoro ya Machi ilikuwa moja. Hakuna kilichoongezeka ndani ya mashine kati ya miezi hiyo miwili. Kilichoongezeka ni ujuzi wa watu. Aliyelitia rekebisho mara lilipotolewa, bila ya kujali lebo yake, alikuwa salama kabla hata ya kujua kwamba alikuwa hatarini. Aliyesubiri lebo ibadilike alisubiri akiwa ameacha mlango wazi.

Wazee wetu walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuangalie kwamba methali hiyo haiulizi iwapo ufa umeletwa na mvua au umechimbwa na mwizi. Ufa wa mvua nao humfaa mwizi.

Ushahidi kutoka kwa Linux

Huenda msomaji akadhani kwamba hicho ni kisa kimoja tu cha mradi mmoja. Sivyo. Katika mfumo mkubwa zaidi wa programu huria, yaani Linux, ambao ndio unaoendesha sehemu kubwa ya seva za dunia na ndio ulio ndani ya simu za Android, fikra imesogea upande huo huo. Mwanzilishi wake, Linus Torvalds, alieleza mwaka 2008 kwamba kwake yeye kasoro ya usalama ni kasoro kama zingine, wala hakuona sababu ya kuitukuza kuliko zile zinazoisimamisha mashine. Watu wengi walimlaumu kwa maneno hayo.

Februari 2024 wahandisi wa kiini cha Linux walipewa mamlaka ya kutoa wenyewe namba rasmi za CVE, ambazo ulimwengu mzima huzitumia kuorodheshea kasoro za usalama. Walipoanza kazi hiyo walitangaza kwamba, kwa kuwa kiini ndicho kilicho chini ya kila kitu, takriban kasoro yoyote ndani yake yaweza kutumiwa kuuvunja usalama wa mfumo, na mara nyingi jambo hilo halionekani wakati kasoro inaporekebishwa. Kwa hiyo wakaamua kuwa wepesi wa kutoa namba, na idadi ya namba za kiini ikapanda mara hadi maelfu kwa mwaka. Wapo waliolalamika kwamba orodha imekuwa ndefu mno. Mimi naona kwamba orodha hiyo inasema kweli: hatuwezi kujua mapema ni kasoro ipi itakayogeuka kuwa njia ya mwizi.

Pamoja na hayo, mazoea ya zamani bado yamo ndani ya vyombo tunavyovitumia. Shule nyingi zilizochagua programu huria hutumia Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, na ambao jina lake lina asili moja na neno letu utu. Ubuntu hupeleka viraka kwa mikondo miwili, mmoja wa usalama na mmoja wa masahihisho ya kawaida. Chombo chake cha kujitengeneza, kikiachwa katika mpangilio wake wa awali, hutia chenyewe viraka vya mkondo wa usalama. Vya mkondo wa pili huvingoja mpaka mtu aagize. Mpangilio huo una sababu zake. Lakini shule isiyo na mtu wa kuagiza yaweza kukaa mwaka mzima ikiamini kwamba mashine zake zimesahihishwa, ilhali zimesahihishwa nusu.

Kasoro iliyofufuka

Mfano wa pili waonyesha jambo hilo hilo kwa upande wa heri: kwamba kazi ya uthabiti iliyofanywa vizuri huwa kinga ya usalama miaka mingi baadaye.

Mtu akianza kuingia katika seva kwa njia ya OpenSSH, lakini asikamilishe utambulisho wake kwa muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni sekunde 120, saa ya ndani hulia na programu hukatizwa ghafla katikati ya kazi. Katika hali hiyo ya kukatizwa, programu yapaswa kufanya mambo machache tu yaliyo salama. Ikiita huduma ambayo nayo ilikuwa imeachwa nusu, kumbukumbu ya mashine yaweza kuvurugika. Kasoro ya namna hiyo iligunduliwa na kuzibwa mwaka 2006. Mnamo Oktoba 2020, katika marekebisho mengine yasiyohusiana nayo, kinga iliyokuwa imewekwa iliondolewa kwa bahati mbaya, na kasoro ikafufuka. Haikuonekana mpaka kampuni ya Qualys ilipoitangaza tarehe 1 Julai 2024, ikiwa imethibitisha kwamba mtu asiye na neno la siri lolote aliweza kuipata mamlaka yote ya mashine ya Linux. Katika mashine waliyoijaribia, ilihitajika kurudia shambulio mara 10,000 hivi kwa wastani. Kazi ya saa chache kwa kompyuta isiyochoka.

OpenBSD yenyewe haikuathirika. Sababu ni kwamba mwaka 2001 wahandisi wake walikuwa wametunga namna ya kuandika kumbukumbu za matukio ambayo ni salama hata programu inapokatizwa. Mwaka huo hawakuwa wakipigana na shambulio la 2024. Walikuwa wakiondoa kasoro katika msimbo wao. Miaka 23 baadaye kazi hiyo ikawa ngome. Sioni ushahidi bora kuliko huo wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba mhandisi mwangalifu humshinda mwizi bila hata ya kumjua.

Kiraka ni tangazo pia

Kuna jambo lingine ambalo watumiaji wengi hawalifikirii. Katika programu huria kiraka huchapishwa mbele ya watu wote, na kila anayejua kusoma msimbo huona ni mistari ipi iliyobadilishwa. Basi siku kiraka kinapotangazwa, mahali pa ufa hutangazwa pia. Tangu siku hiyo mashine iliyotiwa kiraka huwa salama zaidi kuliko jana, na ile isiyotiwa huwa hatarini zaidi kuliko jana. Kutofanya lolote si kubaki pale pale. Ni kurudi nyuma.

Mwaka 2017 ulitupa mfano mchungu. Machi mwaka huo kilitolewa kiraka cha programu huria ya Apache Struts, ambayo hutumika kujengea huduma za mtandaoni. Kampuni ya Marekani ya Equifax, yenye kuhifadhi habari za mikopo ya watu, haikukitia kiraka hicho katika mojawapo ya seva zake. Kuanzia katikati ya Mei wezi walipita hapo, na mpaka walipogunduliwa mwishoni mwa Julai walikuwa wamechukua habari za watu wapatao milioni 147. Kiraka kilikuwapo, tena bure, miezi miwili kabla ya wizi kuanza. Kilichokosekana ni mkono wa kukitia.

Wapo wasemao kwamba basi ni heri msimbo ufichwe. Sikubaliani nao. Viraka vya programu zilizofichwa navyo hulinganishwa na wajuzi, toleo la kale kwa toleo jipya, mpaka mahali pa ufa pakajulikana. Tofauti ni kwamba katika programu huria rafiki naye anaona, si adui peke yake. Na mwalimu na mwanafunzi wa Tanga au Kisumu wanaweza kuona sawasawa na mhandisi wa Calgary.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni kwamba mashine inafanya kazi vizuri, na kiraka chaweza kuiharibu. Hofu hiyo ina msingi. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro la programu yake ya ulinzi, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikakwama. Hospitali na mashirika ya ndege yakasimama. Lakini fundisho la tukio hilo si kwamba tusitie viraka. Fundisho ni kwamba kiraka kijaribiwe kwanza katika mashine moja kabla ya kutiwa katika zote, na kwamba iwepo njia ya kukiondoa. Katika OpenBSD, tangu toleo la 6.1 la mwaka 2017, kuna chombo kiitwacho syspatch ambacho hupakua viraka, huhakikisha sahihi yake ya kidijitali ili visiwe vya kughushi, huvitia, na kikiagizwa huweza kukiondoa kile kilichotiwa mwisho.

Pingamizi la pili ni gharama ya mtandao. Ni kweli kwamba kupakua masasisho kwa kompyuta arobaini, kila moja peke yake, ni mzigo kwa shule. Lakini si lazima kila moja ipakue. Mashine moja yaweza kupakua mara moja, ikaweka akiba, kisha zingine zikachota kwake kwa mtandao wa ndani usiolipiwa. Hii ni kazi ambayo mwanafunzi wa kidato cha tano aweza kufundishwa kuiandaa.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisikitisha zaidi: kwamba sisi ni shule tu, hatuna siri. Tangu nyaya za baharini zilipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, kompyuta za kwetu zafikika upesi kutoka popote duniani, na anayetafuta mashine dhaifu haulizi kwanza kama ni ya benki au ya sekondari. Mashine iliyotekwa hutumiwa kuwashambulia wengine, hata kama haina siri yoyote ya mwenyewe. Na si kweli kwamba hatuna kitu cha kulinda. Tuna majina ya watoto wa watu, alama zao za mitihani, na kazi za miaka yao minne. Mwanafunzi ambaye alama zake zimepotea siku tatu kabla ya kutumwa hana faida yoyote ya kuambiwa kwamba zimepotezwa na kasoro ya uthabiti wala si na mwizi. Kwake yeye hasara ni ile ile.

Nini kifanyike shuleni

Napendekeza mambo matano, ambayo hayahitaji fedha nyingi bali yahitaji nidhamu.

Kwanza, kila shule yenye maabara ya kompyuta iwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mtunzaji wa viraka, na siku moja ya juma iliyotengwa kwa kazi hiyo. Kazi isiyo na mwenyewe na isiyo na siku haifanyiki.

Pili, mtunzaji huyo atie viraka vyote, vya usalama na vya uthabiti, bila ya kubagua. Lebo imsaidie kupanga kipi kitangulie, isiwe sababu ya kukiacha kingine. Viraka vingine, hasa vya kiini cha mfumo, havifanyi kazi mpaka mashine izimwe na kuwashwa tena. Hilo nalo liwemo katika ratiba.

Tatu, pawepo daftari. Ndani yake iandikwe kila mashine inatumia toleo gani, kiraka cha mwisho kilitiwa lini, na matunzo ya toleo hilo yatakoma mwaka gani. Wengi husahau kwamba viraka havitolewi milele. OpenBSD huyatunza matoleo mawili ya mwisho tu, yaani kila toleo kwa mwaka mmoja hivi. Ubuntu ya matunzo ya muda mrefu hupata miaka mitano ya kawaida. Toleo lake la 18.04, lililotoka Aprili 2018, lilifikia mwisho wa muda huo mwaka 2023. Mashine inayoendelea kutumia toleo lililoachwa haipati tena kiraka cha kawaida cha namna yoyote, hata mtunzaji wake awe hodari namna gani.

Nne, mashine moja iwe ya majaribio, na data zote muhimu ziwe na nakala nje ya mashine kabla ya kutia kiraka kikubwa. Kwa njia hiyo hofu ya kuharibu haitakuwa tena kisingizio cha kutofanya.

Tano, na hili nalielekeza kwa walimu hasa, viraka viingie darasani. Chukueni kiraka kifupi kutoka katika orodha ya masahihisho ya OpenBSD au ya Linux, mistari mitano au kumi, mkiandike ubaoni. Waulizeni wanafunzi: mstari ulioondolewa ulidhani nini ambacho hakikuwa kweli? Je, ulidhani kwamba chombo kina nafasi ya kutosha? Kwamba namba haiwezi kuwa hasi? Kwamba programu haitakatizwa? Kisha mwafiche lebo, mwaulize iwapo kiraka hicho ni cha usalama au cha uthabiti, na kila upande utetee jibu lake. Mara nyingi hawatakubaliana, na huko kutokubaliana ndiko kutakakowafundisha zaidi. Hakuna kitabu cha kununua. Mafunzo hayo yametolewa bure na mahodari wa fani.

Nchi zetu zimetumia fedha nyingi kuweka kompyuta katika shule, na sherehe za kukabidhi mashine hufanywa mbele ya wageni waheshimiwa. Sherehe za kutia viraka hakuna, wala sizitaki. Lakini maabara iliyokabidhiwa bila ya mtunzaji, bila ya siku na bila ya daftari ni mali iliyoanza kuchakaa siku ile ile ya kufunguliwa. Mkuu wa shule atakayesoma makala haya na aulize kesho asubuhi swali moja: ni nani hapa anayetia viraka, na mara ya mwisho alivitia lini? Akikosa jibu, kazi ya kwanza imeshajulikana.